Eda ya Mbagala na Siku 90 za Viza

Mtu atokaye Mbagala kwenda Uhamiaji hana haja ya kufika katikati ya jiji. Barabara ya Kilwa humchukua kutoka Rangi Tatu, ikampitisha Zakhem, Mtoni Mtongani na Kwa Aziz Ali, hata afike Sabasaba. Mbele kidogo ya hapo ndipo ilipo Kurasini, kata ya bandari na matangi ya mafuta, na humo, katika Mtaa wa Loliondo, ndimo zilimo ofisi ambazo wageni wa Dar es Salaam hupeleka shida zao za viza na vibali vya ukaazi.

Wengi wetu tuishio Temeke huipita njia hiyo kila siku tukidhani kwamba mahali pale ni pa Wazungu na Wachina. Ukiketi kwenye benchi kwa saa moja utasikia jambo jingine. Utasikia Kiswahili cha Kariakoo na cha Tanga kikizungumzwa na watu walioshika pasipoti za Uingereza, Kanada na Oman. Hao ni wana wetu na shangazi zetu. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo aliyezaliwa Temeke, akahamia Ulaya na kuchukua uraia wa huko, hurudi kwenye nyumba ya babake akiwa mgeni mwenye viza ya matembezi.

Mwanamke mmoja wa namna hiyo ndiye aliyenipeleka Kurasini. Alikuja kutoka Uingereza pamoja na mumewe kuwasalimia wazee Mbagala. Siku ya 41 tangu waingie nchini, mumewe alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tulimzika alasiri ile ile, na baada ya matanga kizuka akabaki katika nyumba ya kaka yake mkubwa.

Hapo ndipo hesabu mbili zilipogongana. Viza ya kawaida ya matembezi, ambayo hulipiwa dola 50, humpa mgeni muda usiozidi siku 90. Eda ya mfiwa, kama ilivyobainishwa katika Suratul Baqara aya ya 234, ni miezi minne na siku kumi. Kwa miezi ya mwandamo hizo ni takriban siku 128. Ukizianza siku ya 41, zinakwisha siku ya 169. Kizuka wetu alikuwa amepungukiwa na siku 79.

Swali la kwanza halikuwa la Uhamiaji bali la mashekhe: je, ni lazima akae hapa? Walitofautiana, na tofauti yao ilikuwa ya elimu. Mmoja alisema kwamba nyumba ya mke ni ile aliyokuwa akiishi na mumewe, nayo iko Uingereza. Aliyefiwa safarini anaweza kurejea huko na kuimalizia eda yake. Wa pili aliegemea kisa cha Furay'a bint Malik, dada yake Abu Said al-Khudri, aliyefiwa akaomba kuhamia kwa jamaa zake, na Mtume (SAW) akamwelekeza abaki nyumbani mwake mpaka muda utimie. Akasema kuwa makusudio ni utulivu na hifadhi, na mama huyu utulivu wake uko kwa nduguze. Kizuka mwenyewe alitusikiliza sote kisha akasema, "Wanangu, kule nitafungua mlango wa nyumba tupu. Niacheni nikae hapa alipozikwa." Kwangu mimi hoja hiyo ilitosha.

Lakini kukaa kwa ajili ya ibada hakumpi mtu ruhusa ya kukaa kinyume cha sheria. Katika siku zile nilisikia maneno mengi barazani: kwamba Mungu ni mkubwa kuliko Uhamiaji, kwamba mjane hawezi kukamatwa, kwamba atalipa faini uwanja wa ndege yaishe. Maneno haya siyapendi. Viza ni ahadi. Mgeni ameomba aingie kwa masharti, akakubaliwa kwa masharti hayo, na Suratul Maida huanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi zao. Isitoshe, kuzidisha muda ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Ni vibaya mama mwenye msiba aanze kujieleza mbele ya afisa kwa jambo ambalo lingeombwa mapema kwa barua.

Basi tukakusanya karatasi. Cheti cha kifo kutoka RITA, cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha anakoishi, barua ya kaka yake kukubali kumtunza, tiketi ya kurudia, na barua ya kamati ya msikiti niliyoiandika mimi, ikieleza eda ni nini kwa mtu asiyeijua. Barua hiyo niliifanya fupi. Afisa hahitaji hotuba. Anahitaji kujua ni siku ngapi, kwa nini, na nani atawajibika.

Je, kizuka atoke nyumbani? Pasipoti ni yake, na huenda akatakiwa kujibu mwenyewe. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, humruhusu mfiwa kutoka mchana kwa haja isiyokwepeka na kurudi kulala nyumbani kwake. Tuliondoka baada ya jua kuchomoza. Alivaa nguo nyeupe kama desturi yetu, amekaa nyuma na wifi yake, na njia nzima hakutazama nje ila tulipofika Mtoni. "Hapa tulikuwa tunakuja kununua samaki," akasema, kisha akanyamaza.

Karibu na banda la fotokopi, kijana mmoja alitufuata akatuambia kwamba anao mtu wa ndani, na kwamba tukimpa pasipoti na pesa kidogo itarudi ikiwa na muhuri kabla ya adhuhuri. Hawa ndio vishoka. Muhuri wa kishoka unaweza kuwa wa kughushi, na mwenye pasipoti ndiye atakayeulizwa siku ya kuondoka. Tulimwambia tunashukuru, tukaingia.

Dirishani afisa alizisoma karatasi zote, akamuuliza mama maswali machache kwa upole na kumpa pole. Tulirudishwa kwenye benchi, tukaitwa tena. Muda ulikuwa umeongezwa.

Wenye kutarajia wageni, hesabuni siku wala msihesabu miezi. Aliyeingia tarehe 1 Desemba hamalizi tarehe 1 Machi. Siku yake ya 90 ni tarehe 28 Februari. Zaidi ya hayo, kinachohesabiwa ni kile alichoandika afisa wa mpakani kwenye muhuri, nacho chaweza kuwa pungufu ya siku 90. Usomeni muhuri siku ile ile mgeni anapofika. Ndugu wa Mombasa au Kampala wana nafasi zaidi, kwa kuwa taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki huwapa hadi miezi 6, muda ambao eda nzima huingia ndani yake. Na wale wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje waulizie mapema habari za Hadhi Maalumu, wasingoje mpaka msiba ubishe hodi.

Kizuka wetu bado yuko Mbagala. Tiketi imesogezwa mbele, na akina mama wa mtaa hupokezana zamu ya kulala naye. Ijumaa mabinti wa madrasa humsomea Yasin, naye huwasahihisha kwa matamshi aliyofundishwa utotoni mtaa huo huo.