Mikono ya Madumu

Nilipokuwa darasa la sita, maji ya bomba yalikuwa hayajafika mtaani kwetu Mbagala. Tulichota kwenye kisima cha jirani, na zamu yangu ilikuwa alasiri, nikishavua sare za shule. Nilianza na madumu ya lita 10. Kufika kidato cha pili nilikuwa nabeba ya lita 20, moja kila mkono, kutoka kisimani hadi nyumbani bila kutua. Mkono wa dumu la mafuta ya kupikia ni mwembamba na una mshono wa plastiki katikati, na mshono ule hukata vidole kama wembe butu. Nikifika nyumbani vidole vilikuwa vimejikunja, havitaki kunyooka. Mama alinikalisha kwenye kigoda akavikunjua kimoja kimoja, huku akivipaka mafuta ya nazi.

Nilipoingia kwenye vyuma nilidhani nguvu ya vidole vyangu nimezaliwa nayo. Ilinichukua miaka mingi kuihusisha na madumu yale.

Kaka yangu na wenzake walikuwa na kijiwe chao cha mazoezi nyuma ya banda la fundi wa kuchomelea. Hapakuwa na kifaa hata kimoja cha dukani. Walichukua bomba la maji la inchi moja na nusu, wakasimika ncha zake kwenye makopo ya rangi, wakamimina zege na kuliacha likauke wiki nzima. Vijana walicheka waliponiona nimelishika, kisha wakanyamaza lilipopanda. Bomba la kipimo hicho lina unene wa karibu milimita 48 kwa nje. Chuma rasmi cha kunyanyulia uzito cha wanaume ni milimita 28, na cha wanawake ni 25. Kidole gumba changu hakikuweza kukutana na vidole vingine kwenye bomba lile. Nililikumbatia tu kwa kiganja na kukaza.

Baadaye nilisoma habari za Mfaransa Louis Uni, aliyejulikana kwa jina la Apollon, na ekseli yake ya magurudumu ya reli yenye kilo 166. Wenye nguvu wengi waliishindwa kwa sababu ya unene wake, karibu milimita 49. Hata John Davis, bingwa wa Olimpiki kutoka Marekani, alihangaika nayo kabla ya kuiweza mwaka 1949. Niliposoma hayo nilisimama nikatembea chumbani. Vijana wa Mbagala walikuwa wakishika unene uleule kila jioni, na hakuna aliyewaambia kwamba ule ni mtihani.

Mwaka 2013 nikapata kazi mjini, nikahamia kwenye chumba chenye bomba ndani, nikajiunga na jimu yenye vyuma halisi. Mara ya kwanza niliposhika chuma cha milimita 28 nilikiona kama kalamu. Kile kilichochongwa vimistari vya kukwaruza kiganja kilinasa chenyewe. Ndani ya miezi michache dedilifti yangu, zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima, ilipanda haraka kuliko nilivyotarajia, halafu ikakwama kwenye kilo 80 hivi. Mgongo ulikuwa bado unataka na miguu ilikuwa bado inataka, ila vidole vilifunguka.

Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole vyenyewe. Iko kwenye kigasha, chini ya kiwiko, nayo huvuta kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono hadi ncha za vidole. Ni misuli midogo ukiilinganisha na ya mapaja na makalio, na inafanya kazi katika kila zoezi la kuvuta, hivyo ikifika zamu ya uzito mkubwa imeshachoka. Mwalimu wa pale aliniona nikitikisa mikono, akanirushia mikanda miwili. "Dada, funga strapu uone."

Nikafunga, nikaona. Seti ileile iliyokuwa ikinishinda kwenye marudio ya tano nikaifikisha kumi. Kesho yake nikaenda Kariakoo kwa fundi wa mabegi, nikamwomba anishonee zangu za mkanda wa pamba, kwa sababu nailoni huteleza jasho likiingia. Alikuwa na uzi mwekundu tu. Akapiga mshono mara nne pale kitanzi kinapofungia, akauvuta kwa meno kuupima. Unapitisha mkono kwenye kitanzi, unauteremsha mkanda kiganjani, unaupeleka chini ya chuma na kuuzungusha kinyume na vidole, kisha unakizungusha chuma kuelekea kwako mpaka mkanda ukaze. Hapo uzito unahamia kwenye kifundo cha mkono. Vidole vinabaki kama walinzi wa mlango ambao tayari umefungwa kwa kufuli.

Nilizipenda sana strapu zile, na bado nazipenda. Zilinifikisha kilo 130. Kosa langu ni kwamba nilianza kuzivaa hata pasipohitajika: kwenye seti za kupasha mwili, kwenye kuvuta vyuma vya mkono vya kilo 20, hata kwenye kuning'inia. Na nyumbani sikuwa nabeba tena maji. Miaka minne ikapita bila mikono yangu kushika kitu kizito kwa nguvu zake yenyewe, na sikulitambua hilo, maana namba kwenye daftari zilikuwa zinapanda.

Mwaka 2017 nikajiandikisha kwenye mashindano madogo. Sheria za kunyanyua vyuma vya nguvu ziko wazi: chaki ruksa, strapu marufuku. Nilifanya mazoezi ya mikono mitupu kwa wiki mbili nikidhani yanatosha. Jukwaani nilianza na kilo 110, uzito niliokuwa nauchezea. Chuma kikaondoka sakafuni vizuri, kikapita magotini. Kisha nikahisi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinafunguka, taratibu, bila maumivu. Kikafuata cha pete. Chuma kikabiringika hadi kwenye ncha za vidole viwili vilivyobaki, kikaanguka. Nilirudi mara mbili nyingine, na mara zote mbili kikaanguka palepale. Kaka alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuja nyuma ya jukwaa akanishika bega. "Mdogo wangu, mgongo wako haukuguswa hata kidogo. Ulikuwa bado mzima."

Nililia njia nzima ndani ya daladala. Nilipofika nyumbani nikazitupa strapu chini ya kabati, nikaapa sitazigusa tena.

Kiapo kile nacho kiliniumiza. Kwa karibu mwaka mzima mgongo wangu ulipata kazi kwa kiasi tu ambacho vidole viliruhusu, na vidole viliruhusu kidogo. Sugu zilichanika. Nikajaribu kushika chuma kiganja kimoja kikiangalia mbele na kingine nyuma, njia inayozuia chuma kubiringika. Inafanya kazi, lakini mkono unaoangalia mbele ndio ambao msuli wake wa juu huchanika kwa wanyanyuaji, na mimi nikaanza kusikia mchomo hapohapo, juu ya kiwiko. Nikajaribu kubana kidole gumba chini ya vidole vingine, kama wanavyofanya wanyanyuaji wa Olimpiki. Wiki tatu za kwanza sikuweza kufungua kifuniko cha chupa.

Siku hizo jimu tulibishana sana. Upande mmoja ulisema strapu ni wizi. Upande wa pili ulijibu kwa mfano wa Eddie Hall, aliyenyanyua kilo 500 mjini Leeds mwaka 2016 akiwa na strapu, kwa kuwa mashindano ya aina yake yanaziruhusu. Nasi wa upande wa kwanza tulimtaja Benedikt Magnússon na kilo zake 460 za mwaka 2011, mikono mitupu. Nilishiriki mabishano hayo kwa moyo wote. Sasa naona tulikuwa tunalinganisha michezo miwili tofauti. Swali langu mimi lilikuwa dogo zaidi: seti hii, leo, inafanyisha kazi kiungo gani? Kama ni mgongo, na vidole vimeshafanya kazi yao, kumnyima mtu strapu ni kumnyima mgongo. Lakini anayefunga strapu kwenye seti ya kwanza anaunyima mkono chakula chake, na mkono huanza kukonda kimyakimya.

Kwa hiyo nikazitoa chini ya kabati. Napanda kwa mikono mitupu na chaki hadi vidole viseme basi, na hapo ndipo uzi mwekundu unapotoka kwenye begi, kwa seti mbili au tatu za mwisho. Chaki ni ile ya kaboneti ya magnesi. Ya ubaoni, niliyoiponda nilipokuwa nimeishiwa, haikukausha jasho la Februari.

Na Jumamosi nakwenda kwa mama. Bomba limefika hadi jikoni kwake, lakini najaza madumu mawili ya lita 20 kwenye bomba la uani na kutembea nayo kuzunguka nyumba mpaka vidole vishindwe, kisha namwagilia migomba yake. Mikono hurudi polepole kuliko mgongo. Kilo nilizopoteza kwa miaka minne zilinichukua karibu miaka mitatu kuzirudisha.

Mwezi uliopita nilivuta kilo 115, mikono mitupu, viganja vyote viwili vikiniangalia mimi. Juu ya magoti kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikataka kufunguka, kama siku ile. Nilikisikia. Kikakaa.