Fimbo ya marehemu: Tuuze au tubaki nayo?

Msomaji wangu, urithi uko wa aina mbili. Kuna ule ambao kila mtu anajua bei yake: shamba, nyumba, ng'ombe, pikipiki. Huo watu huanza kuutolea macho hata matanga hayajaanuliwa. Halafu kuna ule ambao hakuna anayejua kama ni mali au ni kuni. Huu wa pili ndio wenye kizaazaa. Siku ikigundulika kwamba ile kuni ina bei, kila mtu ghafla anakumbuka jinsi alivyokuwa akiipenda tangu utotoni.

Kwetu sisi, watoto watano wa mzee mmoja wa Handeni, kuni yenyewe ilikuwa fimbo ya kuvulia samaki. Ya mwanzi. Ya kizungu.

Najua unacheka. Handeni na uvuvi wapi na wapi? Wilaya ambayo hata maji ya kunywa kwa miaka mingi yamesukumwa kwa bomba kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, katika ule mradi ambao wenyeji tunauita HTM! Lakini subiri, kisa chenyewe kilianzia huko huko Korogwe yanakotoka maji.

Babu yetu alikuwa mpishi wa meneja mmoja Mwingereza katika shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe. Enzi hizo mkonge ulikuwa ndio dhahabu ya Tanga. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 230,000. Yule meneja, kwa maelezo ya babu, akipata mapumziko alikuwa akipanda milimani Lushoto na fimbo yake, kutafuta trauti kwenye mito ya baridi. Trauti si samaki wa kwetu. Walowezi ndio waliomleta Afrika Mashariki. Kule Kenya, Ewart Grogan alimpandikiza mto Gura mwaka 1905. Wazungu wale walikuwa hawataki kukosa starehe za kwao hata wakiwa Afrika.

Mwaka 1967 Serikali ilipotaifisha mashamba mengi ya mkonge, bwana yule alifungasha virago. Babu aliachiwa sufuria tatu, koti moja la mvua na fimbo. Sufuria zilitoboka, koti likaliwa na panya. Fimbo ikabaki.

Baba alipoirithi alikuwa fundi wa mashine huko huko Korogwe, na yeye hakuwa na habari ya trauti wala Lushoto. Alifunga mshipi wa dukani, akaweka ndoana na mnyoo, akaenda nayo mto Pangani na mto Lwengera kusaka perege na kambale. Na kwa taarifa yako, perege wa kwetu si samaki wa kubezwa. Yupo mmoja ambaye katika vitabu vya wataalamu duniani kote anaitwa Oreochromis korogwe, jina alilopewa mwaka 1955 na mtaalamu wa Kiingereza, bibi Rosemary Lowe. Mji wetu una samaki wake!

Baba alipostaafu akarudi Handeni. Fimbo ikachomekwa darini, juu ya magunia ya mahindi, na ikakaa huko hadi Mungu alipomchukua mzee.

Sasa uhondo. Baada ya arobaini, mdogo wangu wa kiume aliipiga picha kwa simu akamtumia mshikaji wake Arusha, mtu wa kununua vitu vya kale na kuwauzia wageni. Jibu likarudi kesho yake: shilingi 150,000. Kwa fimbo! Mdogo wangu karibu aipeleke stendi usiku ule ule. Nikamwambia, dogo, tulia. Mtu anayekimbilia kutaja bei ya kitu ambacho hajakigusa, ujue anakijua kuliko wewe.

Nikaanza kuulizia. Nikawapigia watu, nikasoma, nikapima. Niliyoyapata nakupa bure, maana huenda na kwenu darini kuna kitu.

Kwanza, ile si fimti ya mwanzi uliokatwa porini. Mwanzi wa kawaida una uwazi katikati. Huu umepasuliwa vipande vyembamba sita, kila kimoja kikapigwa randa kiwe na pembe tatu, vikaunganishwa kwa gundi vikawa ufito mmoja wenye pande sita, usio na tundu ndani. Mwanzi wenyewe mafundi huutoa mkoa wa Guangdong, China, ingawa kibiashara unaitwa mwanzi wa Tonkin. Pete za kupitishia mshipi hufungwa kwa uzi wa hariri, juu yake vanishi. Mpini ni wa gamba lile lile la vizibo vya chupa.

Ufundi wote huo ni kwa sababu uvuvi wake ni wa namna yake. Chambo ni ndoana iliyovishwa manyoya ya ndege ifanane na mdudu. Haina uzito hata kidogo, huwezi kuirusha. Kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi, ambao ndio mzito, na fimbo hujipinda na kujinyoosha kuusukuma.

Pili, si kila fimbo ya aina hiyo ni utajiri. Zilitengenezwa nyingi sana viwandani, na nyingi hazina bei ya kutisha. Watu wanaozikusanya huangalia jina la mtengenezaji lililoandikwa juu ya mpini. Akina Hardy, kwa mfano, walioanza mwaka 1872 katika mji wa Alnwick, Uingereza, jina lao linatafutwa hadi leo. Wanaangalia kama vipande vyote vina urefu sawa. Kipande cha ncha kikiwa kifupi, ujue kiliwahi kuvunjika. Wanaangalia kama imepinda. Na wanachukia mno fimbo iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi mpya. Kwa hiyo ukikuta kitu cha kale, zuia mkono wako. Kuking'arisha ni kukishusha bei.

Tatu, na hili lilinigusa. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaingia fimbo za nyuzi za kioo, na miaka ya 1970 zikaja za kaboni, nyepesi zaidi. Mwanzi ukawekwa kando. Ni kipindi kile kile ambacho kamba za viwandani ziliuangusha mkonge wetu. Yaani shamba alikopikia babu na fimbo aliyoachiwa viliumwa ugonjwa mmoja.

Ya kwetu ilikuwa na maandishi yaliyofutika nusu, vipande viwili vyenye urefu sawa, imenyooka. Nilipomrudia yule jamaa wa Arusha na maelezo yote hayo, sauti ilibadilika. Akapanda hadi 800,000 na akasema hapo ndipo mwisho.

Basi tukaitana Handeni, nyumbani kwa mama, mjomba akiwa mwenyekiti wa kikao. Mwalimu wa madrasa akatupigia hesabu ya mirathi, na ilikaa vizuri ajabu. Mjane ana thumuni, yaani fungu moja kati ya nane. Yanayobaki saba ni ya watoto, mwanaume mafungu mawili, mwanamke moja. Tuko wanaume wawili na wanawake watatu: manne na matatu, saba. Kwa 800,000 mama anapata 100,000, kila dada 100,000, mimi 200,000 na mdogo wangu 200,000.

Kila mmoja alikuwa na lake. Mdogo wangu pikipiki yake ya biashara ilikuwa inadai matairi. Mama anataka tanki la maji, na ukikaa Handeni wiki moja hutamuuliza kwa nini. Mimi, kodi ya chumba Mwananyamala ilikuwa inanikodolea macho. Dada wawili wakasema pesa haina adui.

Lakini mimi, kama mtoto wa kwanza, nilikuwa nawaza kubaki nayo. Niining'inize ukutani Dar, washikaji wakija wahoji. Nikaanza, "Mjomba, naona kitu cha babu kisitoke nje ya ukoo..."

Mjomba akanikata. "Sawa, mjomba. Una 600,000?"

Kimya.

"Maana fungu lako ni 200,000," akasema. "Ukibaki nayo yote, wenzio uwape chao. Au ulitaka wao watoe pesa, wewe utoe mapenzi?"

Msomaji, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Tunapenda kusema "tusiuze" kana kwamba kutouza ni bure. Kubaki na kitu cha urithi ni kukinunua, ila unawanunua ndugu zako badala ya muuza duka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kama fimbo hii ningeikuta Kariakoo leo, ningetoa laki sita zangu kuichukua? Nilijijibu kimoyomoyo: hapana. Nilichotaka ni sifa ya ukutani, na hiyo kwa laki sita ni ghali.

Nikawageuzia swali wote. Nani hapa angeinunua?

Aliyejibu ni kitinda mimba wetu, mwalimu wa shule ya msingi Korogwe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. "Mimi," akasema. "Kaka, nyie mlipokuwa bweni na mjini, nani unafikiri alikuwa anambebea baba mkebe wa minyoo? Mimi na hiyo fimbo tunafahamiana. Najua mpaka pete iliyolegea."

Akaichukua, akaunganisha vipande viwili kwa mkupuo mmoja, kitu ambacho mimi na mdogo wangu tulikuwa tumehangaika nacho robo saa. Akatuonyesha pete ya tatu kutoka juu. Kweli ilikuwa imelegea.

Hesabu ikarudi mezani, maana mapenzi hayafuti mafungu. Fungu lake ni 100,000, kwa hiyo anadaiwa 700,000. Mshahara wa mwalimu unaujua. Mimi nikasamehe langu. Nilimwona mjomba ananitazama kwa chini, nikajua kodi ya Mwananyamala ni juu yangu na Mungu wangu. Zikabaki 500,000. Dada akasema zamu yake ya upatu ni mwezi unaofuata, 300,000. Hizo zimlipe mdogo wetu laki mbili apate matairi, na mama laki yake. Dada wawili watasubiri miezi miwili zaidi, laki kila mwezi. Wakaguna, wakakubali.

Nikamuuliza mama kama na yeye hasamehi, angalau kwa ajili ya marehemu. Alinitazama kama mtu asiye na adabu. "Marehemu nilimpenda miaka arobaini, mwanangu. Tanki silijapata hata siku moja."

Yule jamaa wa Arusha alipiga simu mara tatu, akaongeza 50,000, akakata tamaa. Upatu ulitoka, matairi yakanunuliwa, na deni la mwisho lililipwa kwa wakati. Fimbo sasa iko Korogwe. Haijapigwa msasa. Haivui trauti, inavua perege kwa mnyoo kama alivyofanya baba, na wapenzi wa vitu vya kale wakisikia hilo huenda wakazimia.

Mdogo wangu bado ananitania kwamba nimepoteza laki mbili kwa kujifanya mtu mzima. Huenda. Ila na wewe uliyeachiwa saa ya marehemu, cherehani ya bibi au redio ya mbao, kabla hujasema "tuuze" au "tusiuze", fanya mambo matatu. Tafuta bei ya kweli, si ile ya kwanza. Piga hesabu ya mafungu hadharani, kila mtu asikie. Kisha uliza nani yuko tayari kutoa chake mfukoni ili kitu kibaki. Akikosekana hata mmoja, uzeni kwa amani, hamjamkosea marehemu. Akipatikana, mpeni, hata kama ni yule wa mwisho ambaye hakuna aliyemuuliza.

Na kama una chumba cha bei poa maeneo ya Mwananyamala, mwandishi wako anasikiliza.