Mjomba alificha kidonda chake gerezani

Msomaji mpenzi, umewahi kusimama langoni pa gereza ukiwa umebeba mfuko wa dawa? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako, kisha unisikilize kidogo.

Mfuko wangu ulikuwa na vidonge vya kisukari vya mwezi mmoja, dawa ya shinikizo la damu na jozi mbili za soksi za pamba. Askari jela, kijana mwenye adabu, aliupekua kisha akanirudishia. "Dada, dawa haziingii bila barua ya daktari na ruhusa ya tabibu wa hapa," alisema. Sikumlaumu. Kila jamaa akiruhusiwa kuingiza vidonge, nani atajua kipi ni cha sukari na kipi ni cha kulevya? Lakini nilikuwa nimesafiri kwa matatu muda wa saa tano, na aliyekuwa ndani ni mjomba wangu, mzee wa miaka 71.

Sitaki umwonee huruma kwa kosa lake. Aligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, panga likainuliwa, na mtu akafa. Marehemu aliacha mjane na watoto. Mahakama ilimfunga mjomba miaka 12 kwa kuua bila kukusudia, naye mwenyewe hajawahi kuniambia kwamba alionewa. Ila mtu huyo huyo ndiye aliyeuza mtamba wake ili mimi nimalize chuo cha uandishi wa habari. Na mimi, kwa haya za mjini, nilikaa takriban miaka miwili bila kwenda kumwona. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kazini kwamba mjomba yuko mashambani.

Siku hiyo ya mfuko nilimwona akija taratibu ndani ya sare yake ya milia, ameegemea bega la mfungwa kijana. Alikuwa akichechemea. Nilipomuuliza alicheka, "Ni jiwe tu, mpwa wangu." Kijana yule alinitazama, akatikisa kichwa, akanyamaza.

Halikuwa jiwe. Kilikuwa kidonda chini ya vidole vya mguu wa kulia, na alikuwa amekificha kwa wiki kadhaa akikifunga kwa kitambaa. Kama nyumbani kwenu kuna mwenye kisukari, unajua hatari yake. Ugonjwa huu ukikaa mwilini miaka mingi huua hisia za nyayo na kupunguza mwendo wa damu. Mtu hukanyaga msumari asisikie kitu. Kidonda kinachopona kwako kwa wiki moja, kwake huoza.

Mbona alikificha, na gereza lina zahanati? Hapo ndipo nilipofunzwa mambo ambayo diploma yangu haikunifunza. Tabibu wa pale, kwa maneno ya mjomba mwenyewe, ni mtu mwema. Humpimia sukari kila vifaa vinapokuwapo. Lakini kidonda kama hicho kilihitaji hospitali ya serikali, na kwenda huko ni kusubiri gari, mafuta na askari wa kulinda. Mjomba alikuwa amekwisha kupelekwa mara moja, kwa ajili ya macho. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa na pingu mikononi, askari wawili kando yake, watoto wakimkodolea macho. Mara akatokea mama mmoja wa kijijini kwetu, waliyekuwa wakiimba pamoja kwaya ya kanisa. Mama yule alimtazama, akahamia benchi jingine.

"Afadhali mguu," mjomba aliniambia. Hebu yawaze maneno hayo, msomaji. Mzee anaona ni heri kuupoteza mguu kuliko kuonekana tena.

Na mengine je? Chakula cha jioni huliwa jua likiwa bado kali, kisha milango hufungwa hadi asubuhi. Wewe na mimi twaweza kuvumilia. Mzee aliyemeza vidonge fulani vya kisukari huenda sukari yake ikashuka usiku wa manane, akatetemeka na kuloa jasho, na hapo hana hata kijiko cha sukari cha kumwokoa. Kuna kulala juu ya mkeka sakafuni, kuna magoti yasiyokubali kuchuchumaa watu wanapohesabiwa, kuna kwenda haja ndogo mara nne usiku kwa kuwaruka watu waliolala. Kijana wa miaka 25 akifungwa, hufungwa. Mzee hufungwa pamoja na magonjwa yake yote.

Sheria zetu hazikuwasahau watu hawa. Katiba ya 2010 yamwita mzee yeyote aliyefikisha miaka 60, na kifungu cha 57 chataka aishi kwa heshima na apate matunzo kutoka kwa jamaa zake na serikali. Kifungu cha 51 chasema mfungwa habaki bila haki. Hupoteza zile tu zisizoweza kabisa kwenda pamoja na kifungo. Nayo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2015, zataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile anachopata raia wa nje. Wazee jela hawatapungua karibuni. Mwaka wa 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na mwaka wa 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Ulikuwa uamuzi wa utu. Lakini anayefungwa maisha, asipopata msamaha, atazeekea humo humo.

Barua ya daktari niliipata, dawa zikaingia. Kwa vidole viwili tulikuwa tumechelewa. Vilikatwa katika hospitali ile ile aliyoiogopa, naye akarudishwa gerezani baada ya siku chache. Mguu wenyewe ulisalimika.

Sasa huenda kila mwezi. Daktari aliagiza nyayo zikaguliwe kila jioni, nami nikanunua kioo kidogo ili mjomba ajitazame mwenyewe, kwa kuwa mgongo haumruhusu kuinama. Kioo nacho kilirudishwa langoni. Kwa hiyo anayemkagua ni yule kijana aliyemwegemeza siku ile. Kila jioni humwinua mguu, huutazama, na akiona hata wekundu humwambia tabibu asubuhi, mzee apende asipende. Mara ya mwisho nilimpelekea sabuni na nikamshukuru. Alinijibu kwamba anamaliza kifungo chake Desemba.