Maji ya Elgon Yaliyokwenda Upande wa Pili

Sisi watu wa Butali, huku Kabras, hatuna adabu na maji. Mvua ya Kakamega hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na Mkabras akiilalamikia ni kwa sababu trekta la miwa limekwama njiani na kiwanda kinasubiri. Mitaro tunayochimba ni ya kuyafukuza maji shambani, wala si ya kuyaleta. Ndiyo maana jirani akiniuliza aende wapi kutembea, simtumi Mombasa. Namwambia apande gari la Webuye, aunganishe la Kitale, kisha ateremke mpaka bwawa la Turkwel.

Kinachoziunganisha sehemu hizi mbili ni Mlima Elgon. Asubuhi isiyo na wingu unauona ukiwa umelala kaskazini mwetu. Mito ya ubavu wake wa kusini huingia Nzoia, mto uleule tunaouvuka tukikaribia Webuye, na maji hayo huishia Ziwa Victoria, kisha yakafuata Nile hadi Misri. Lakini kwenye bakuli la kilele, pale volkeno ya kale ilipobomoka, kuna pengo upande wa mashariki, na humo ndimo unamotokea Suam. Suam hufuata mpaka wa Kenya na Uganda, hugeuka kuelekea nchi kavu, hubadilika jina kuwa Turkwel, na humalizikia Ziwa Turkana, ambalo halina mto unaotoka. Mvua ya mlima mmoja imegawanywa namna hiyo, na kwa kweli sisi tulipewa fungu la mtoto wa mwisho.

Ukishapita Kitale na mahindi yake, usikawie sana Makutano, ila ukiwa na saa moja ya ziada ingia Kapenguria uone jumba la makumbusho la kesi ya 1952 na 1953, ambamo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa. Baada ya hapo ardhi inaanza kukutoka chini ya miguu. Barabara hushuka Kamatira, hupita Chepareria na Ortum, na joto huingia garini kidogo kidogo hadi unavua sweta uliyoondoka nayo nyumbani. Penye Marich milima inakaribiana kabisa, mto Muruny ukipenya katikati, na ukitoka upande wa pili umefika nchi ya migunga, mchanga na mbuzi.

Hapo wengi hukaza mwendo kuelekea Lodwar. Mimi nasema kunja kulia kwanza, uende Sigor.

Sigor imekaa chini ya milima ya Cherangani, na kwa karne nyingi Wapokot wa huko, sawa na jirani zao Wamarakwet, wamekuwa wakiyateremsha maji ya milimani kwa mifereji. Hakuna saruji. Ni mawe, magogo, matawi na udongo, na mfereji huambaa kwenye ubavu wa mlima ukishuka polepole mno, hata ukiutazama haraka utaapa maji yanapanda. Aliyepima mteremko ule hakuwa na chombo zaidi ya jicho lake na maji yenyewe. Zamu za kumwagilia hupangwa, na mgogoro ukizuka hupelekwa kwenye kokwo, baraza la wazee. Mtu akifungulia kwake usiku maji yasiyokuwa yake, habari zitamtangulia barazani.

Juu ya elimu hiyo ya kale ndipo ulipokuja mradi wa Wei Wei, ulioanzishwa miaka ya 1980 na Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio kwa msaada wa Italia. Maji yanakingwa juu mtoni, yanaingia kwenye mabomba, na uzito wa maji yenyewe ndio unaozungusha vinyunyizio huku bondeni. Hakuna pampu wala dizeli. Nimeona miradi mingi ya kilimo iliyokufa siku pampu ilipoharibika, kwa hiyo nauvulia kofia mradi usiokuwa nayo. Wakulima wake wamekuwa wakikuza mahindi ya mbegu. Huenda kile tunachopanda Kabras kwa mvua ya bure kilinyweshwa Sigor kwa hesabu.

Sasa rudi barabara kuu, uelekee kaskazini. Kabla ya Kainuk, njia ya kwenda bwawani inachepuka kushoto. Uliza hali ya usalama kwanza, maana wizi wa mifugo kati ya Wapokot na Waturkana umeua watu wengi katika ukanda huu, na bwawani kwenyewe kuna askari, usifike bila ruhusa. Fika mchana.

Ukuta wa Turkwel ulijengwa kati ya 1986 na 1991 na kampuni ya Kifaransa, huku bei yake ikizua maneno makali magazetini. Una kimo cha mita 153, jengo la KICC la Nairobi lina 105. Ndio mrefu kuliko mabwawa yote ya Kenya. Cha ajabu ni wembamba wake. Bonde ni finyu kiasi kwamba urefu wa ukuta toka jabali hadi jabali ni sawa na kimo chake, karibu mita 150 tu. Umepindwa, mgongo ukiwa upande wa maji, ili ziwa likisukuma, msukumo usambae pembeni na kubebwa na miamba. Kazi kubwa inafanywa na milima. Ukiegemea ukingo wa juu na kutazama chini unakotokea mto, magoti yanakukumbusha umri wako.

Ziwa lilianza kujazwa 1990 na kwa miaka mingi lilibaki chini ya kiwango, wapinzani wakacheka kwamba wakubwa wamejenga ukuta wa kuzuia vumbi. Kisha mwishoni mwa 2020 maji yakakaribia ukingo, na watu wa bondeni wakaonywa wahame kando ya mto. Siku hizi lina wavuvi wa sato, kazi ambayo jamii ya wafugaji isingekuwa nayo bila ziwa.

Sitalisifu bila kusema hili pia. Mitambo yake, ya megawati 106, ilipeleka umeme kwa waya za kilovolti 220 hadi Lessos, na kutoka huko nchi nzima, wakati Lodwar, mji ulio kwenye mto huohuo, ukiendelea kwa miaka mingi kuwashwa na jenereta za dizeli. Maji yanayotoka kwenye mitambo yanaendelea kushuka, na mashamba ya umwagiliaji ya Katilu, upande wa Turkana, yanayategemea. Waturkana wana haki ya kuuliza nani anashika funguo.

Wakati wa kurudi, pitia tena Sigor ama Lomut kama ni msimu wa maembe. Nunua huko huko chini, tena kwa mama aliyeyachuma. Bei hupanda na barabara, na ukingoja mpaka Makutano utalipa kila kona ya Kamatira.