Simu ya Dukani: Siri za Watu na Michezo Yao Kariakoo

Nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, jijini Dar es Salaam, zimekuwa chache kiasi kwamba mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anaweza kupita mitaa ya Sikukuu, Narung'ombe na Mkunguni bila kuona hata moja iliyo kamili. Nyumba inayokusudiwa hapa ni ile ya chini yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua wenye jiko na choo kwa nyuma, na baraza mbele inayotazama mtaani. Inapobomolewa ili kupisha ghorofa la maduka ya jumla, hesabu inayofanywa ni ya thamani ya kiwanja na kodi ya fremu, na kwa hesabu hiyo mwenye nyumba hawezi kulaumiwa. Hata hivyo, pamoja na matofali na mabati huondoka utaratibu mzima wa majirani kujua mambo ya wenzao. Vijana wanaojadili faragha leo, yaani haki ya mtu kuamua nani azijue habari zake na kwa kiasi gani, huzungumza kana kwamba jambo hilo lilizaliwa pamoja na simu ya mkononi, na kwa hiyo inafaa utaratibu huo uandikwe wakati waliouishi wangali hai.

Katika miaka ya 1980 na sehemu kubwa ya miaka ya 1990, familia nyingi za Kariakoo, Ilala na Magomeni hazikuwa na simu. Laini zilikuwa haba, na Shirika la Posta na Simu, ambalo lilirithi kazi ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki lililovunjika mwaka 1977, lilipokea maombi mengi kuliko uwezo wake wa kuvuta nyaya. Aliyetaka kuzungumza na ndugu aliye ng'ambo alikwenda kupanga foleni katika jengo la Extelecoms, Barabara ya Samora, na aliyetaka kupigiwa alitoa namba ya dukani. Duka hilo kwa kawaida lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili, kilichotobolewa dirisha kubwa kuelekea barazani, na simu ilikaa pembeni mwa mizani, mahali ambapo mwenye duka angeweza kuiangalia huku akipima sukari.

Mmoja wa wenye maduka hao, mzee ambaye duka lake lilikuwa jirani na Mtaa wa Narung'ombe, anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kazi aliyoifanya haikuwa na cheo wala haikuandikwa popote. Duka lake lilinukia mafuta ya taa, sabuni ya mche, mchele na dagaa kwa pamoja, na mkono wa simu wenyewe ulikuwa na harufu yake ya pekee, harufu ya pumzi za watu wengi, iliki na tumbaku, ambayo haikuondoka ingawa aliufuta kila asubuhi kwa kipande cha kanga kilicholowanishwa. Simu ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha, na katika moja ya matundu ya mwanzo ya diski yake kulikuwa na kufuli dogo, ili pasiwe na mtu wa kupiga bila kulipa. Kufuli hilo halikuwashinda vijana. Simu za namna hiyo zilituma namba kwa kukatakata umeme katika waya, namba tatu ikiwa mikato mitatu na sifuri ikiwa mikato kumi, na kwa hiyo kijana aliyekuwa na mkono mwepesi aliweza kugonga kitufe cha kukatia simu kwa mwendo uleule na kumpata amtakaye bila kuigusa diski. Mzee aliyajua hayo kwa kusikiliza tu ile mipigo ya kitufe, naye hakwenda polisi, bali alisubiri jioni akaenda kumwona bibi wa kijana huyo, na deni likalipwa kabla ya mwisho wa juma.

Simu ilipoingia, mpigaji alitaja jina la anayemtaka, akaombwa akate na kupiga tena baada ya dakika kumi, kisha mtoto yeyote aliyekuwa karibu akatumwa mbio kwa ahadi ya peremende. Aliyeitwa alikuja akiwa bado anajifunga kanga, akashika mkono wa simu mbele ya watu watano au sita waliokuja kununua viberiti na mafuta ya kupikia, na mambo ya nyumbani kwake yakasemwa hapo. Watu walijifunza kuishi na hali hiyo. Waliotoka bara walihamia lugha za kwao, wengine walizungumza kwa mafumbo, fedha ikawa mzigo na mgonjwa akawa msafiri, na mzee mwenyewe alikuwa na adabu zake: aliongeza sauti ya redio, akahesabu chenji kwa sauti, au akageuka kupanga makopo ya maziwa ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Habari ya msiba ilipokuja hakumtuma mtoto kwa mfiwa. Alimwita kwanza kaka au shemeji, akafunga ubao mmoja wa dirisha, akamweleza kwa sauti ya chini, na kutoka hapo wakubwa ndio walioamua nani aambiwe kwanza, na aambiwe akiwa amekaa au amesimama.

Chini ya kaunta palikuwa na daftari la karatasi za mistari, lililoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, lenye majina, madeni na simu zilizopigwa. Kwa yeyote aliyejua kulisoma, daftari hilo lilionyesha nani ana mtoto Muscat anayempigia kila mwisho wa mwezi, nani amepungukiwa, nani amegombana na nani. Ikumbukwe kwamba mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata zuio hilo lilipolegea baadaye, habari za mtu wa kawaida ziliendelea kwa miaka mingi kukaa katika makaratasi ya namna hii, ambayo yalilowa, yakaliwa na mchwa na hatimaye yakafungiwa karanga. Jambo la msingi zaidi ni kwamba mwenye daftari mwenyewe alijulikana. Alisali na wadeni wake, aliozesha binti yake mbele yao, na kama angetoa nje neno alilolisikia, angeulizwa uso kwa uso, barazani, na mwenye kumuuliza angekuwa na mashahidi.

Hakuna haja ya kuupamba utaratibu huo. Wasichana walipigwa kwa sababu mtu fulani dukani alisikia sauti ya mwanamume kwenye simu, wake ambao waume zao walituma fedha waliandamwa na wakopaji kabla fedha hazijafika, na katika miaka ambayo ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa hautajwi, simu moja kutoka hospitali ilitosha kumtenga mtu na jirani zake. Mtaa ulijua mengi mno. Tofauti na sasa ni kwamba aliyeumizwa alimjua aliyemuumiza na alijua nyumba anayokaa.

Watu wa kipindi hicho pia walitoa habari zao kwa hiari, jambo ambalo wengi wamelisahau. Magazeti yalikuwa na safu za kutafuta marafiki wa kalamu, ambamo kijana aliandika jina lake kamili, umri, anachokipenda na Sanduku lake la Posta, na vipindi vya salamu vya Radio Tanzania Dar es Salaam vilisoma kadi zilizowataja watu kwa majina, mahali walipo na wale wanaowasalimu, nchi nzima ikisikiliza. Anwani ya posta mara nyingi ilikuwa ya shule, ya msikiti, ya parokia au ya ofisi ya mjomba, kwa hiyo barua ilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika, na bibi asiyejua kusoma alimpa mjukuu amsomee, naye akajua kuyaruka yale yasiyomhusu mtoto au kuyasoma na kunyamaza. Hayo yote yalifanywa kwa uamuzi wa mtu mwenyewe, naye alijua kadi yake inasomwa wapi na itakwisha saa ngapi.

Kwenye baraza ya duka hilohilo, kuanzia alasiri, palichezwa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili katika safu nne, na kete sitini na nne, nalo huanza na hatua ya kunamua, ambapo wachezaji huingiza kete zilizo mkononi moja baada ya nyingine, kisha huingia hatua ya mtaji, ambapo kete zote zimo ubaoni na mchezo huendeshwa kwa zilizomo. Mchezaji hodari huona mbali, huku akiilinda nyumba yake, yaani shimo la mraba lenye akiba kubwa, na watazamaji waliosimama nyuma yake huona karibu kila anachokiona. Mchezo huo haukuwa na faragha yoyote. Kushindwa kulishuhudiwa, kukachekwa, na kukaliwa nako hadi kesho, lakini mchezo wenyewe haukumtaka mchezaji kitu chochote zaidi ya muda wake.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyumba vile vya mbele vilianza kubadilika. Simu za kadi za kampuni ya simu ya TTCL zilikuwa zimekwisha kuwaondolea wenye maduka sehemu ya wateja, na simu za mkononi, ambazo zilikuwa zimeanza mwaka 1994 kwa watu wachache wenye uwezo, zikafika kwa makuli na mama lishe pamoja na vocha za kukwangua na desturi ya kubipu. Mkono wa simu ukahamia mfukoni, na wengi walishukuru kwa haki, kwa kuwa binti sasa aliweza kuzungumza bila kusikilizwa na foleni ya wanunuzi wa mafuta. Chumba cha duka kikawa kibanda cha gemu, chenye televisheni mbili au tatu na mashine za PlayStation. Vijana walilipia mechi moja moja, aliyefungwa akampisha mwingine, na wengi walisimama nyuma wakitoa maelekezo ambayo hayakuombwa, kama ilivyokuwa kwenye bao. Wazazi walilalamika, nao walikuwa na sababu, lakini kijana msimamizi aliyekuwa na busara aliwarudisha wenye sare za shule, kwa kuwa mama zao walijua pa kumpata.

Mtaa wa pili ulikuwa na duka la intaneti. Lilikuwa na vibao vya mbao vilivyotenganisha kompyuta na feni iliyosukuma vumbi, na mteja aliuziwa nusu saa ambayo sehemu kubwa yake ilikwisha akisubiri ukurasa mmoja ufunguke, kwa sababu kabla ya mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM kufika pwani mwezi Julai 2009 mawasiliano hayo yalitegemea zaidi setilaiti. Wengi waliondoka bila kufunga barua pepe zao, na aliyekaa baada yao alikuta habari zote wazi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi wa mjini kusomwa bila hiari yao na mtu wasiyemjua kabisa.

Yaliyofuata yalikuja kwa haraka. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, usajili wa laini ukawa wa lazima, kisha ukawa wa alama za vidole, na laini za wasiosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Simu ya bei nafuu ikawa benki, kitambulisho, albamu na kibanda cha gemu kwa pamoja. Vibanda vyenyewe vingi vilikufa au vikageuka mahali pa kubeti na pa zile mashine za kamari ziitwazo dubwi, ambazo watoto huzizunguka mchana kweupe, jambo la kuchukiza katika mitaa iliyowahi kumfukuza mtoto wa shule kwa sababu ya mechi moja ya mpira wa kwenye televisheni. Gemu ya simu huchezwa na mtu mmoja, kichwa kikiwa kimeinama, na gemu nyingi za namna hiyo hutazama kwa makini kuliko watazamaji wa bao walivyotazama: hujua saa anayocheza, mahali alipo na tangazo lililomfanya asite, na hupeleka hayo kwa kampuni ambazo mchezaji hajawahi kuzisikia.

Programu za mikopo ya mtandaoni zimezidi hapo. Mkopaji anayebonyeza kukubali huifungulia programu orodha yote ya majina iliyomo katika simu yake, na siku deni linapochelewa, ujumbe wa kumtukana hupelekwa kwa shangazi yake Tabora, kwa mwajiri wake na kwa fundi aliyewahi kumtengenezea bomba. Mzee wa Narung'ombe alidai pia, tena alidai kwa ukali, lakini alikwenda baada ya magharibi, akamwita mdeni pembeni, na shangazi wa Tabora hakuhusika. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inampa aliyedhulumiwa njia ya kulalamika mbele ya Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo. Hatua hizo ni njema na zilichelewa. Pamoja na hayo, mlalamikaji hutakiwa kumtaja anayemlalamikia, na nyingi za programu hizo hazionyeshi jina la mwenyewe, wala mtaa, wala namba inayopokelewa, na masharti ambayo mkopaji anasemekana ameyakubali yameandikwa kurasa nyingi kwa Kiingereza cha mawakili. Sharti la kwanza la leseni lingepaswa kuwa dogo na la wazi: kabla ya kitufe cha kukubali, liandikwe kwa Kiswahili jina la mtu anayewajibika, nyumba na mtaa iliko ofisi yake, na orodha fupi ya vitu anavyotaka kuvichukua kutoka katika simu hiyo.