Hooyo na Maziwa ya Kulamawe

Tulipokuwa watoto, lami iliishia Isiolo. Magari yaliyoteremka kutoka Meru na Nanyuki yalifika mjini, na ukishavuka kizuizi cha polisi ilikuwa changarawe na vumbi hadi Moyale, karibu kilomita 500. Upande wa mashariki, njia ya Kulamawe na Garba Tula, ndiko maziwa ya ngamia yalikotoka. Mama yetu tulimwita Hooyo, kama Wasomali wote. Wajukuu wakamwita Ayeyo. Riziki yetu sote, mtaa wetu mzima wa Bula Pesa ukijua, ilipitia katika mitungi yake ya manjano.

Hakuzaliwa mjini. Alikulia malishoni, katika boma lenye ngamia, mpaka miaka ya vita vya shifta ilipowafikia. Serikali ilitangaza hali ya hatari Desemba 1963, watu wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi wa askari, na mifugo isiyoweza kufuata malisho ikaisha. Sheria za wakati ule hazikufutwa mpaka 1991, kwa hiyo sisi wanawe tulizaliwa na kukua chini yake. Hooyo hakuwa mtu wa kuyasimulia hayo. Alisema tu kwamba walifika mjini na kamba za ngamia, ngamia wenyewe hawapo. Aliyepoteza mifugo alirudi kuishi kwa maziwa ya mifugo ya wengine, na sijawahi kumsikia akilalamika juu ya hilo.

Wachungaji walikamua kabla ya alfajiri, wakapeleka maziwa barabarani kwa punda, nayo yakasubiri gari lolote la mizigo. Gari likichelewa, au likikwama mchangani wakati wa mvua, maziwa yalifika yameshaanza kuchacha. Hooyo alikuwa kituoni kabla ya adhuhuri. Kila mtungi ulikuwa na kitambaa cha rangi kwenye mkono wake, na kwa rangi hiyo alijua ni wa boma gani. Alifungua kifuniko, akageuza uso pembeni akavuta pumzi safi, kisha akainama na kunusa. Akiwa na shaka alimimina tone kiganjani na kulionja. Yaliyo mazima yalichujwa na kupakiwa katika basi la alasiri kwenda Eastleigh, Nairobi. Yaliyochacha hayakumwagwa, yaligeuzwa susa, maziwa ya mgando, na kuuzwa kwa bei ya chini pale pale mjini.

Jioni ilikuwa zamu ya kuosha. Mdomo wa mtungi wa plastiki ni mwembamba, mkono wa mtu mzima haupiti, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yetu watoto. Baada ya hapo alitia vipande vya ukuni wa mgunga vyenye moto, akautikisa mtungi upesi upesi ili plastiki isiyeyuke, akaufunga moshi ndani. Wateja wa Nairobi waliutaka moshi huo. Maziwa yasiyo na harufu yake waliyaona ya kigeni.

Pesa zilirudi siku kadhaa baadaye, zimefungwa katika karatasi, mkononi mwa utingo wa basi. Zikipotea, zimepotea. Hapo ndipo wanawake walipookoana: kila mmoja alitoa fungu lake katika ayuto, mchango wa kupokezana kwa zamu, na aliyepatwa na msiba wa biashara alipewa zamu ya mbele. Karo ya dada yangu mkubwa ililipwa hivyo, muhula ambao basi moja liliharibika njiani na shehena nzima ikaoza.

Ninaposikia ikisemwa kwamba lami ndiyo iliyoleta biashara Isiolo, moyo wangu hukataa. Biashara ilikuwepo, na ilibebwa na akina mama hawa wakati barabara ilikuwa mahandaki. Huko malishoni hakukuwa na duka, kwa hiyo mitungi mitupu haikurudi peke yake: pamoja nayo Hooyo alituma sukari, unga, majani ya chai, mara nyingine dawa, yote kwa mkopo. Katika ukame ngamia huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe ameshakauka, lakini hata ngamia ana kikomo chake. Ukame wa 2011, na ule ulioanza 2020 ambapo mvua zilikatika msimu baada ya msimu, maziwa yalikuja kidogo mno. Unga aliendelea kuutuma. Tulimuuliza atalipwa na nani, akatujibu kwamba boma likifa njaa hakuna wa kumkamulia tena.

Mambo yalibadilika, na yeye akabadilika nayo haraka kuliko tulivyodhani. Huduma ya M-Pesa ilianza 2007, na baada ya muda malipo ya Eastleigh yakawa yanaingia jioni ile ile. Hakujua kusoma, ila tarakimu alizijua vizuri kuliko sisi. Mjukuu alimsomea jina la mtumaji, kiasi akakitambua mwenyewe. Bodaboda zikachukua nafasi ya punda. Wanawake wa maziwa wakaungana katika ushirika wa Anolei, yakaja majokofu na mashine za kupozea, na maziwa hayakushindana tena na jua.

Kisha ikaja mikebe ya alumini, yenye mdomo mpana unaopitisha mkono. Wenzake wengi waliikataa: ni mizito, ni ghali, na kuirudisha mitupu ni nauli nyingine. Yeye aliipokea kwa sababu ya mdomo ule. Binti wa dada yangu alipomletea kipimo cha maziwa, kile kinachoelea na kuonyesha kama yametiwa maji, Ayeyo alikitazama kikipanda na kushuka katika maziwa ya maboma matatu, akasema pua yake haikuwahi kumwambia habari ya maji. Tangu siku hiyo alinusa kwanza, kisha akamwita mjukuu na kipimo chake.

Siku tuliyomzika, kaka yangu alisimama baada ya sala ya jeneza, akatangaza kama desturi yetu ilivyo: anayemdai marehemu ajitokeze, tumlipe sisi. Hakujitokeza mdai. Katika wiki zilizofuata walikuja wadaiwa, wachungaji kutoka upande wa Kulamawe ambao hata majina yao hatukuyajua, kila mmoja akitaja mwenyewe gunia la unga la mwaka wa kiangazi. Kaka alitaka kuwasamehe wote. Dada yangu alikataa, akasema Hooyo hakuwapa sadaka, aliwakopesha kwa heshima, nao wamekuja kulipa kwa heshima. Waliokuwa na ngamia wenye maziwa wakaanza kuleta, naye akaandika daftarini deni la kila mmoja na mitungi aliyoleta. Maboma mawili bado yanaendelea kulipa.