Wimbo wa Noeli Uliokosa Mstari

Msomaji mpenzi, kila mtu ana kitu chake anachopenda kukusanya. Wako wakusanyao stempu, wako wakusanyao sarafu za zamani, na jirani yangu mmoja hapa Msangeni hukusanya saa mbovu, ingawa hajapata kuitengeneza hata moja. Mimi nakusanya wimbo. Sisemi nyimbo, nasema wimbo, maana ni mmoja tu: ule wa Noeli uitwao “Usiku Mtakatifu”. Katika daftari langu nimeandika namna 63 za kuuimba. Mke wangu hunicheka, husema, “Baba watoto, huo wimbo si ni ule ule?” Ndiyo, ni ule ule. Lakini nisikilize kwanza, kisha uamue kama nimepoteza wakati wangu.

Nilianza mwaka 1983, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya bweni, mbali na nyumbani. Karibu na kufunga shule tulikusanyika kufanya mazoezi ya kuimba. Sisi tuliotoka Upare tukaanza kwa maneno tuliyoyazoea kanisani kwetu. Mara wenzetu wa Tanga wakaimba mengine, wa Bukoba mengine, na Wakatoliki mengine kabisa. Sauti ilikuwa moja, maneno yakagongana kama mbuzi mlangoni. Tukaanza kubishana nani anaimba sawasawa na nani anakosea. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole. Akatupa karatasi, akasema kila mmoja aandike maneno ya kwao. Zikapatikana karatasi saba. Alizisoma zote akitabasamu, kisha akasema, “Hakuna aliyekosea.” Alipotoka nilizikunja zile karatasi, nikazitia ndani ya Biblia yangu. Ninazo mpaka leo.

Tangu hapo kila niendako nauliza habari za wimbo huo. Ninao kwa Chasu, kwa Kichaga cha Machame na cha Marangu, kwa Kisambaa, kwa Kihaya, kwa Kikikuyu na kwa Kilingala. Ninao wa Wazungu na Wamarekani pia: Bing Crosby aliyeurekodi mwaka 1935, Elvis Presley mwaka 1957, na vijana wawili, Simon na Garfunkel, ambao mwaka 1966 waliuimba taratibu huku nyuma yao mtu akisoma taarifa ya habari iliyojaa vita na maovu. Huo wa mwisho ukiusikia usiku peke yako, utapiga magoti.

Katika kukusanya nimejifunza jambo moja la lugha. Wimbo huu ulitungwa kwa Kijerumani, nacho kina maneno mengi mafupi yanayoishia kwa kishindo. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, na mkazo wake uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua: ama alibane neno lienee katika noti chache, ama aache fikira moja nje. Huyu ameacha hili, yule ameacha lile. Ndiyo sababu wafasiri wanatofautiana, wala si kwa ubishi wa madhehebu kama tulivyodhani shuleni.

Sasa nikueleze asili ya wimbo wenyewe. Maneno yake yaliandikwa na padre kijana wa Austria, jina lake Joseph Mohr. Siku ya tarehe 24 Desemba 1818, katika kijiji cha Oberndorf karibu na mji wa Salzburg, alimpelekea mwalimu wa shule na mpiga kinanda, Franz Xaver Gruber, amtungie sauti. Jioni ile ile wakauimba wawili, Mohr akipiga gitaa. Aya zake zilikuwa sita, ingawa siku hizi watu wengi huimba tatu tu.

Pengine umepata kusikia kwamba siku ile kinanda cha kanisa kilikuwa kimeharibika kwa sababu panya walikitafuna. Nami niliisimulia hadithi hiyo miaka mingi, na watoto waliipenda. Lakini mwaka 1854, watu wa Berlin walipouliza wimbo huu ni wa nani, Gruber mwenyewe aliandika maelezo yake, na hakutaja panya wala kinanda kibovu. Panya waliongezwa baadaye na watu walioona hadithi ina pengo wakataka kulijaza. Tena, kwa muda mrefu watu waliamini kwamba maneno na sauti vilitungwa siku moja. Hata mwaka 1995 ikaonekana karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr, nayo ikaonyesha kwamba maneno aliyaandika mwaka 1816, miaka miwili kabla ya sauti. Karatasi moja tu, msomaji, ikanyosha habari ya karibu miaka 180! Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wimbo huu ulifikaje kwetu milimani? Mwaka 1831 familia ya Strasser, wauza glavu kutoka bonde la Zillertal, walikwenda kuuza bidhaa zao mjini Leipzig wakati wa Noeli, wakauimba huko, na watu wakaupenda mno. Baadaye mji huo huo ukawa makao ya chama cha misioni kilichotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893, na huku Upare ya Kaskazini, Shigatini, mwaka 1900. Basi wimbo wa wauza glavu ulipanda milima yetu. Lakini mwaka 1920, baada ya vita kuu, Waingereza waliwaondoa wamisionari hao Wajerumani nchini, na kwa miaka kadhaa kazi kubwa ya sharika ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wetu wenyewe.

Hapa ndipo habari za bibi yangu zinapoingia.

Baba yake bibi alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya kijiji katika miaka hiyo. Aliwafundisha watoto wimbo ule kwa Kigweno, lugha yetu ya nyumbani. Aya mbili za kwanza zilifuata zile za Wazungu. Aya ya tatu aliitunga mwenyewe. Ndani yake Mtoto Yesu amezaliwa penye ukungu na baridi kama yetu, chini ya migomba, na jirani amekuja na moto katika kigae ili mama apate kujipasha. Bibi aliiimba kila Noeli akiwa jikoni, akichochea kuni. Mimi nilikua nikiisikia, na kwa kuwa niliisikia kila mwaka, sikuiandika.

Hilo ndilo kosa langu. Nilikwenda Moshi na Dar es Salaam na redio kaseti yangu begani kutafuta kwaya za watu. Nilivuka hata mpaka nikafika Mombasa. Kila nikirudi nyumbani nilisema, bibi yupo tu, nitamrekodi Noeli ijayo. Hata Desemba ya 1994 nikaketi naye jikoni.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka kwamba mkeo naye anajua kuimba?”

Nikatahayari. Nikabonyeza kitufe, akaimba. Aya ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili vizuri. Alipofika ya tatu, sauti ya mashine ikaanza kuzama, kisha kimya. Betri zilikuwa zimekwisha. Hakukuwa na duka lililo wazi siku ile. Nikamwambia, “Bibi, nitakuja Pasaka na betri mpya.” Akacheka, akasema, “Haya, mimi sina safari.”

Safari alikuwa nayo. Alifariki mwezi wa Februari.

Msomaji, nilizika bibi, na pamoja naye nikadhani nimezika ile aya. Niliwauliza shangazi zangu, wakakumbuka neno hapa na neno pale. Niliwauliza wazee wa usharika, wakatikisa vichwa. Karibu mwaka ukapita. Hata siku moja nilimpitia jirani yetu, mama mzee Mwislamu, rafiki wa bibi tangu utoto. Walichota maji mfereji mmoja na kuchuma kahawa bega kwa bega, na Idi na Noeli walipelekeana chakula. Nilimweleza masikitiko yangu, si kwa kutumaini chochote. Akanitazama, akasema, “Ile ya moto katika kigae? Mbona hukuniuliza? Miaka yote hiyo ilipita uani kwangu.”

Akaisema aya hiyo polepole, mstari baada ya mstari, nami nikiandika mkono ukitetemeka. Lakini alipofika mstari wa mwisho kabla ya kituo, akasimama. Akafumba macho. Akajaribu tena kutoka mwanzo, akasimama pale pale. Mwishowe akasema, “Hapa daima alikuwa akiinama kupuliza moto. Maneno yake sikuyasikia kamwe.”

Basi aya ya bibi ina mstari mmoja mtupu. Si mstari unaoweza kutafutwa kitabuni, maana si wa Mohr. Ni wa mwalimu mmoja wa kijiji, na aliyeukumbuka wa mwisho amelala chini ya mgomba wake.

Kiongozi wa kwaya yetu alitaka tuujaze. Alikuja na maneno mazuri, yenye kupatana na sauti, na wengi waliyapenda. Mimi nilikataa, na kwa muda hatukuelewana. Nilimwambia habari za panya wa Oberndorf. Nikasema, “Tukijaza leo, baada ya miaka 30 watoto watasema bibi ndiye aliyeimba hivi, na hapatakuwa na mtu wa kuwasahihisha. Uwongo mtamu hauna budi kukaa mahali, na mahali pake ni pale ukweli ulipokuwa.” Alinyamaza, akaenda zake. Jumapili iliyofuata alirudi na shauri jingine.

Sasa, mkesha wa Noeli hapa kwetu, watu wanapokuwa wamerudi kutoka mijini na kanisa limejaa mpaka nje, kwaya huimba aya zile tatu kwa Kigweno. Wakifika kwenye ule mstari hufumba midomo na kuutoa kwa mvumo tu, bila neno. Wageni hudhani ni ustadi wa waimbaji. Sisi wenyeji tunajua ni mahali bibi alipoinama kupuliza moto. Miaka ya mwanzo yule rafiki yake alikuwa angali hai, akasema kwamba akiwa uani kwake usiku ule aliusikia vizuri. Katika daftari langu hiyo ni namna ya 34, nami nimeiwekea alama ya msalaba mdogo.

Msomaji mpenzi, huenda wimbo wangu haukuhusu. Lakini nyumbani kwako yuko mzee mwenye kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote: wimbo, sala, hadithi, au jina la aliyeupanda mti ule mkubwa. Wewe hukiandiki kwa sababu unakisikia kila mwaka. Siku hizi simu iliyomo mfukoni mwako hunasa sauti kuliko redio kaseti yangu ya zamani. Basi usingoje Pasaka. Nenda jikoni, amkia, keti, umwombe aimbe. Na kabla hujabonyeza kitufe, hakikisha chaji imejaa.

Nawatakia nyote Noeli njema.